Gramu Mia Nne

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Uwanja wa ndege. Saa tatu kasoro robo asubuhi. Nimefika kabla ya wote, kama inavyompasa Meneja wa Msafara.

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niandike ukweli wa jinsi nilivyopata cheo. Klabu ilitaka orodha ya wasafiri ichapwe. Duka la fotokopi lililo karibu na klabu ni langu. Kocha akaleta majina sita kwa mwandiko wake: yeye mwenyewe, fundi wa kayaki, na vijana wanne. Nilipomaliza kuchapa yalikuwa saba. La saba langu. Cheo nilikitafuta kwa nusu saa nzima. "Mshauri" niliona kidogo. "Rais" niliona kinazidi.

Kocha aligundua baada ya wiki tatu, tiketi zote zimeshakatwa, yangu nikiwa nimejilipia. Ni mwanamke wa maneno machache, filimbi shingoni saa zote, na akikasirika hapandishi sauti, anaishusha. Aliishusha mpaka nikainama kumsikia. Akasema basi nitabeba mizigo. Nikamjibu kwamba meneja wa kweli hajitengi na mizigo. Dada yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka ghafla, akanisihi nisimharibie mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu. Klabuni wanamwita Kereng'ende, kwa jinsi anavyopita juu ya maji kama hayagusi. Haya ni mashindano yake ya mwisho ya vijana, mwakani umri utakuwa umempita. Wasichana watatu wa kwanza katika mbio zozote, ziwe za mita mia tano au mia mbili, wanachukuliwa kambini mwaka mzima: mwalimu, shule, malazi, kila kitu. Wa nne anarudi nyumbani na fulana. Mtoto ameamka saa kumi na moja alfajiri kwa miaka minne kwa ajili ya hilo tu.

Sitamharibia, nilimwambia dada. Nitamsaidia. Sijui kwa nini alifunika uso kwa viganja.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Tumefika. Baridi inauma masikio, na wenyeji wanaiita kiangazi.

Hosteli ina vyumba vya watu wawili wawili. Mimi nimepangwa na Fundi. Sina ugomvi na Fundi. Ila kila mtu akipata shida anamwita yeye. Usukani umelegea: Fundi! Kiti kimekaa upande: Fundi! Zipu ya begi la kocha imekwama: Fundi! Hapo nilipinga. Zipu ni mambo ya mizigo, na mizigo ni idara yangu. Kocha akasema imeshafunguka.

Ana sanduku la bati la vifaa, rangi ya buluu, limebonyea kona zote. Akilifungua, vijana wanainama kuchungulia kama kuna keki ndani. Mimi nina faili lenye nakala tatu za kila hati. Hakuna anayeinama.

Kayaki hatukuja nazo, ni ndefu mno kwa ndege. Tumekodishiwa za hapahapa. Mpwa wangu amepata mpya kabisa, nyeupe, nyepesi, unaiinua kwa mkono mmoja. Binti wa Fundi, ambaye yumo kwenye mbio zilezile, amepata ya zamani yenye viraka. Nilifurahi. Nikaona aibu kidogo kwa kufurahi, maana binti huyo ana adabu, ananiamkia kila anaponiona, hata mara tano kwa siku. Kisha nikaendelea kufurahi.

Mchana nilihudhuria kikao cha mameneja wa timu zote. Nilichangia mara mbili na kupiga kura. Baadaye nikaambiwa kilikuwa kikao cha wahudumu wa kantini. Kumbe nimepigia kura supu.

Jumatano, tarehe 10 Julai

Nimegundua njama!

Saa nne nilikuwa nyuma ya vichanja vya kayaki. (Nilikuwa najificha. Kocha alikuwa anatafuta mtu wa kubeba maji.) Nikamwona Fundi amepiga magoti kando ya kayaki ya mpwa wangu, mkono wote ndani, chini ya kiti. Akautoa. Akachukua kibamba cha chuma sandukuni, kidogo kama biskuti, akakibandika mle ndani kwa utepe unaonata pande mbili. Halafu kingine. Halafu kingine. Vinne! Akavipigapiga kwa kiganja, akafuta mikono, akaondoka anapiga mluzi.

Anapiga mluzi!

Nikaenda kwenye kayaki ya binti yake. Nikapapasa chini ya kiti. Hakuna kitu, hata kimoja.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mtoto wetu anajaziwa vyuma, mtoto wake hajaziwi. Na huyu ndiye mtu ambaye jana kaniona natetemeka, akanipa blanketi lake la pili. Sasa naujua wema wake ulikuwa wa nini. Anamlaza paka ili panya watembee.

Nilifikiria kumwambia kocha. Lakini kocha angemuuliza Fundi, Fundi angejibu neno la kitaalamu, na mimi ningetumwa maji. Nilifikiria kumuuliza mpwa wangu. Lakini mtoto ana mashindano kesho, nimtie wasiwasi wa nini? Mtu mzima anabeba mengine kimyakimya.

Saa saba wote walikwenda kula. Nikajitolea kulinda kayaki. Kocha alishangaa, akasema ahsante. Ndiyo ahsante ya kwanza tangu tuondoke nyumbani, na niliisikia mwili mzima. Kisu cha kupakia siagi nilikuwa nimekiazima kantini. Ilichukua dakika kumi, na kisu kilipinda. Lazima nikiri, jamaa anajua kubandika. Vibamba vyote vinne sasa viko mfukoni mwa koti langu la mvua.

Chakula changu walikuwa wameshakigawana. Sijali. Leo nimeshinda njaa kwa ajili ya familia.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Nianze na furaha, maana ilikuwepo. Ilidumu kama dakika kumi na moja.

Mchujo wa mita mia tano. Mpwa wangu njia ya sita. Honi ikalia, na kufumba na kufumbua wenzake walikuwa nyuma yake. Dakika mbili kasoro sekunde moja! Muda wake bora wa siku zote ni dakika mbili na sekunde tano. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, akaniachia nafasi ya kukaa peke yangu. Nilimweleza dereva wa basi letu kwamba siri ya ushindi ule anaijua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mnyenyekevu.

Kando ya gati kuna mizani. Mwamuzi akaonyesha kidole, mpwa wangu akaibeba kayaki yake, akaiweka juu. Mwamuzi akasoma. Akaitoa, akaipangusa maji, akairudisha. Akamwita mwamuzi mwingine. 

Kilo kumi na moja na gramu mia sita na ishirini. Chini ya kilo kumi na mbili hairuhusiwi. Kayaki mpya hutengenezwa nyepesi kupita kiasi, na mafundi wa timu zote huzijazia vibamba mpaka zifike. Za zamani hazihitaji, zina uzito wa kutosha. Ni sheria, na kila mtu hapa anaijua. Aliyenieleza ni dereva wa basi.

Matokeo yamefutwa. Mpwa wangu hayumo tena kwenye mita mia tano.

Hakulia. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti, akapapasa. Akauacha mkono mle ndani muda mrefu. Nilikuwa hatua nne kutoka pale. Koti nilikuwa nimelivaa.

Kocha alishusha sauti. Fundi akasema ameweka vibamba vinne kwa mkono wake, baada ya kupima na mpwa wangu. Akasema amebandika kwa miaka kumi na minane na hakijawahi kudondoka hata kimoja. Halafu akatazama mahali palipokuwa na utepe, akasema polepole kwamba labda ni hii baridi. Akavua kofia. Mtu mzima, mvi kichwani, akavua kofia mbele ya mtoto wa kumzaa akamwomba msamaha. Mpwa wangu akamwambia asijilaumu. Kocha akalichukua sanduku la buluu, na kulichukua kwake kulisema yote.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Kilichotoka ni kwamba mizigo yote iko salama.

Jioni nilimkuta Fundi chumbani amebandika vibamba sita kwenye mlango wa kabati, dirisha wazi ili baridi iingie, saa mkononi. Anangoja vianguke. Havikuanguka. Akaniomba nivute kimoja nione kama kimelegea. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, hakikutikisika. Nikamwambia naona kama kimelegea kidogo.

Sijui kwa nini nilisema vile. Najua. Nilisema ili nipone mimi. Alitikisa kichwa akakaa kitandani, na mimi nikajifunika lile blanketi lake, nikiwa nimekosa hata uso wa kulirudisha.

Ijumaa, tarehe 12 Julai, asubuhi

Kocha amenikabidhi sanduku la buluu. Amesema mita mia mbili zinaanza mchana, Fundi hagusi kayaki, wavulana wana mbio zao, kwa hiyo vibamba nitabandika mimi, naye kocha atapima kila dakika kumi.

Siku zote hizi nimelitamani sanduku lile. Limekuja, nami sithubutu kulifungua. Binti wa Fundi alipita akaniamkia kama kawaida. Nusura nilie.

Aibu niliyonayo haisemeki. Nikitazama supu naona kofia ya Fundi. Lakini nikisema ukweli nitarudishwa nyumbani, dada atajua, na mpwa wangu atajua, naye ana mbio leo. Je, ni wakati wa kumvuruga? Hapana. Inatakiwa njia ya kumsafisha Fundi bila kumchafua mtu mwingine. (Mtu mwingine ni mimi.)

Nimeipata! Nitavidondosha vile vibamba kwenye majani, chini ya kichanja. Kisha nitaviona. Nitaita kwa mshangao. Itaonekana kayaki iligongwa ikitolewa kichanjani, vikabanduka. Ajali ya kazi. Fundi anasafishwa, hakuna wa kulaumiwa, na aliyeviona ni Meneja. Hata dada hana haja ya kujua. Ni mpango safi, na nimeanza kupumua vizuri.

Ijumaa, mchana

Nimeumbuka.

Nilifanya kama nilivyopanga. Nilisimama karibu na kichanja, mkono nyuma, nikavitoa mfukoni kwa pamoja bila kuangalia, nikaviachia kwenye majani. Nikahesabu mpaka ishirini. Nikaita: Kocha! Kocha! Njoo uone! Niliita kwa mshangao mzuri sana. Wakaja wote, kocha, Fundi, binti yake, wavulana, na mpwa wangu tayari ana kasia mkononi.

Nikaonyesha kidole, nikasema la, nimeshangaa sana, sijui vimefikaje hapa.

Kocha akainama, akaviokota. Vilikuwa vimeshikana kwa ule utepe. Na katikati yake, kimenata barabara, kadi ya duka langu. Huwa naziweka mfuko uleule. Kocha akaisoma yote, kwa sauti, bila haraka. Jina la duka. Fotokopi, laminesheni, picha za pasipoti kwa dakika tano. Namba ya simu. Na mstari wa chini, ambao niliubuni mwenyewe na kuuonea fahari miaka yote: Kazi safi, ya haraka, na ya siri.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikufika hata mita.

Nilitamani ardhi ipasuke.  Nikasema yote, kuanzia kisu cha siagi. Nilieleza kwamba nilidhani Fundi anamhujumu mtoto wetu. Nilipofika kwenye neno hilo binti wa Fundi alitazama pembeni, na huyo ndiye niliyeshindwa kumtazama kuliko wote.

Fundi hakutukana. Aliuliza ilinichukua muda gani kuvibandua. Nikamwambia dakika kumi. Akauliza kwa kitu gani. Nikamwambia kisu, na kilipinda. Akainua uso. Akaniomba nirudie pale kwenye kisu kupinda. Nikarudia. Akamgeukia kocha, akamwambia, umesikia? Kikapinda. Akavaa kofia yake vizuri, akanyoosha mkono, na kocha akamrudishia sanduku.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini sikumuuliza yeye. Hivyo tu. Akasema ni yeye aliyeshika kayaki kwenye mizani siku ya kwanza, ni yeye aliyesoma namba, ni yeye aliyemwambia Fundi inapungua gramu mia nne. Ningeuliza swali moja. Nikasema sikutaka kumtia wasiwasi.

Akasema kuna jambo moja zaidi. Ule muda wa jana, ule wa dakika mbili kasoro, ndio muda aliokuwa akiuota. Sasa hatajua kamwe kama ulikuwa wake au ulikuwa wa kayaki nyepesi. Hilo nimemchukulia, akasema, na hakuna wa kumrudishia.

Halafu akaenda kupasha misuli moto.  

Ijumaa, jioni

Mchujo wa mita mia mbili umekwisha. Sikuruhusiwa kuona. Kocha aliniweka jikoni mwa kantini, nikamenya viazi. Wahudumu walinikumbuka kutoka kikaoni na wakanipokea kwa heshima, jambo lililoniumiza zaidi.

Mpwa wangu amepita. Binti wa Fundi hakupita. Alikuja kantini kuchukua chai, akaniamkia. Nikamwomba msamaha, nikagugumia, nikaanza upya. Akasema yamekwisha. Hayajaisha, lakini amelelewa vizuri.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Fainali.

Kituo changu cha kazi kilikuwa benchi nyuma ya kantini, makoti ya timu nzima mapajani, ukuta mbele yangu. Maji sikuyaona hata tone. Kocha alichagua benchi lile mwenyewe, akalikalia kwanza kuhakikisha.

Sikuleta ubishi. Nilikaa. Nilifikiria miaka minne ya saa kumi na moja alfajiri. Nilifikiria kwamba kama leo atakuwa wa nne, kila atakapolifungua kabati na kuiona ile fulana ataniona mimi. Nilianza kuomba, nikasita, nikaona hata kuomba huenda nikaharibu kitu. Nikaishia kushika makoti.

Honi. Kelele. Mita mia mbili haifiki dakika moja, lakini nilizeeka. Kipaza sauti kikasema majina kwa lugha ile yao ya haraka, nikasikia la timu yetu, sikusikia namba. Kisha kimya kirefu. Nikajua ni mizani. Hakuna mtu katika uwanja ule aliyeielewa mizani ile kama mimi.

Wavulana ndio walioleta habari, wanakimbia, wanapiga kelele zote mbili pamoja. Wa pili! Kilo kumi na mbili na gramu arobaini! Wa pili, na kambi ameipata!

Nililia. Nililia kwenye makoti ya watu, la kocha likiwa juu. Fundi alikuja akakaa pembeni yangu kwenye benchi, akanipigapiga mgongo kwa kiganja kilekile cha kupigia vibamba. Sikustahili, na nilikubali.

Mpwa wangu alikuja na medali shingoni. Alichambua makoti mapajani mwangu, akapata lake, akalivaa, akaenda. Hakuniangalia. Nikasema hongera, nikaisemea migongo ya watu.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Kwenye ndege. Viti vilipangwa kwa mujibu wa orodha, na orodha niliipanga mimi, kwa hiyo nimekaa naye. Zamani niliona ni ujanja.

Saa nne za kwanza alitazama dirishani. Nikampa biskuti yangu. Akaipokea, akaila, haikubadilisha kitu. Halafu akasema, macho mbele, kwamba ninapaswa kujua jambo moja. Hajawahi kupiga kasia kwa hasira kama jana. Tangu mita ya hamsini alikuwa anauona uso wangu kwenye maji. Akawa anaupiga. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, mpaka mstari wa mwisho. Na alipovuka mstari alihisi vibaya, kwa sababu mimi ni mjomba wake na ndiye niliyemfundisha kuendesha baiskeli. Nisimfanye ahisi hivyo tena. Ndilo ombi lake.

Nilisema sawa.  Nilitamani sakafu ipasuke, nikakumbuka tuko juu sana.

Nimemwahidi kwa moyo wote. Mjomba aliyemwaibisha mpwa wake mbele ya mataifa hana la ziada la kusema. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kukaa kando. Nimeandika hapa na nimepigia mstari.

Jumanne, tarehe 16 Julai

Nyumbani. Dada alinipokea kwa salamu fupi. Kocha amemweleza kila kitu, na safari hii hakunong'ona. Dada akaniambia aibu niliyomletea ataivaa mpaka Krismasi, kisha akanipakulia chakula, kidogo. Nilikula nimeinamisha kichwa. Ilikuwa haki yangu.

Nimefungua duka. Hakuna wateja. Mtu akikaa peke yake na mashine ya fotokopi anafikiri.

Nimefikiri hivi. Muda wa mpwa wangu kwenye ile fainali ulikuwa pungufu kwa sekunde mbili kuliko muda wake bora. Sekunde mbili, katika mita mia mbili! Na uzito ulikuwa halali, umepimwa, umeandikwa. Kwa hiyo wepesi haukuwepo. Ni nini basi kilichokuwepo? Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, kwenye ndege. Hasira.

Na hasira ile ilitoka wapi? Sisemi nijisifu. Najua nilichofanya, na nikikumbuka ile kofia ya Fundi mpaka sasa masikio yanawaka. Lakini hesabu ni hesabu. Kambi ameipata kwa sekunde mbili, na sekunde mbili zile zina mwenyewe.

Septemba kuna mashindano ya hapa nyumbani, ya kuwaaga wanaokwenda kambini. Mtoto ameridhika, anacheka, anapiga mluzi bafuni. Hali mbaya sana. Atakwenda polepole, na watu watasema medali ilikuwa bahati. Je, nimwache? Nilimwahidi kukaa kando, na kayaki yake sitaigusa. Nilimwahidi asihisi vibaya, na hatahisi, kwa sababu safari hii nitamweleza baadaye, akishashinda, na tutacheka pamoja.

Itakuwa jambo dogo. Dakika kumi kabla ya honi nitamwendea, uso wa huzuni, nimwambie medali yake imepotea mikononi mwangu. Basi.

Tatizo ni moja. Mpwa wangu ana akili, hataamini maneno matupu, atampigia mama yake simu akatazame. Kwa hiyo itabidi isiwepo kweli. Leo jioni dada amekwenda kumtembelea jirani na mtoto yuko mazoezini. Niko sebuleni kwao peke yangu, medali ninayo mkononi, natafuta mahali pazuri pa kuipotezea.